Mita ya bei mbili kwenye nyumba ya gesi: nihamie bei moja?

"Shikamoo mtaalamu. Nimehamia Leicester, Uingereza, kutoka Dar es Salaam, napanga fleti ya vyumba viwili na mume wangu na watoto wawili. Mita yetu ukibonyeza kitufe inaonyesha namba mbili, na pembeni yake kuna kisanduku cheusi nisichojua kazi yake. Bili ya mwaka inasema tumetumia uniti 2,150 za mchana kwa peni 31 na uniti 480 za usiku kwa peni 16. Joto la nyumba na maji ya moto tunapata kwa boila ya gesi. Hita za zamani za umeme ziliondolewa kabla hatujaingia, imebaki moja tu koridoni, nayo asubuhi za baridi huwa vuguvugu ingawa hatujawahi kuigusa. Nafua na kupiga pasi kuanzia saa moja usiku ili nipate bei nafuu, lakini bili haishuki. Kampuni imenitajia bei moja ya peni 26 saa zote. Jirani ananiambia nisithubutu: eti bei ya usiku ni nusu, na eti lazima mita ing'olewe na mwenye nyumba atanidai gharama. Nifanye nini?"

Marahaba, dada, na pole na bili. Kwa namba ulizoniandikia, hamia bei moja. Ila usipige simu leo. Kwanza tuielewe hiyo hita ya koridoni na nyaya zinazoilisha, kwa sababu hapo ndipo wengi huhama vizuri kwenye makaratasi halafu bili ya baridi ikaja kubwa kuliko ya zamani.

Tuanze na saa, maana hapo ndipo jasho lako limepotea. Mpango wa bei mbili unaotumika zaidi Uingereza unaitwa Economy 7, na hiyo 7 ni idadi ya saa za bei nafuu. Saa saba tu kati ya ishirini na nne, nazo hazianzi jua likizama. Hutofautiana kidogo eneo kwa eneo, lakini mfano wa kawaida ni kuanzia saa sita na nusu usiku hadi saa moja na nusu asubuhi. Tena mita nyingi za zamani hazisogezi saa mwishoni mwa Machi kama Waingereza wanavyosogeza. Hubaki na majira ya Greenwich mwaka mzima. Kwa hiyo kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, kwa saa ya simu yako, bei nafuu inaanza saa saba na nusu usiku na kuisha saa mbili na nusu asubuhi. Mashine unayoiwasha saa moja jioni na pasi unayoipiga saa mbili zote zimekuwa zikihesabiwa mchana, kwa peni 31. Umejinyima mchana kutwa ukangoja jioni, na jioni yenyewe ni bei ileile ya juu.

Kwa sisi tuliozoea LUKU jambo hili ni geni. LUKU haiulizi ni saa ngapi: bei ya uniti inategemea kundi la matumizi ulilopangiwa, na ukiitumia saa sita mchana au saa nane usiku ni mamoja. Hapa saa ndiyo bei.

Kwa nini walifanya hivyo? Economy 7 ilianzishwa mwaka 1978, wakati umeme wa Uingereza ulitoka kwa sehemu kubwa kwenye mitambo ya makaa ya mawe, na kiasi kwenye nyuklia. Mitambo ya namna hiyo haipendi kuzimwazimwa. Watu wakilala mahitaji hushuka, lakini mtambo wa nyuklia unaendelea kuzalisha, na wa makaa ukiuzima una gharama ya kuuwasha tena alfajiri. Ikaonekana afadhali umeme wa usiku wa manane uuzwe rahisi kwa mtu anayeweza kuuhifadhi. Nyumbani wakati huo hakukuwa na betri, lakini joto linahifadhika. Ndipo zikaenea hita zenye matofali mazito ndani: zinachota umeme kwa saa saba za usiku, matofali yanawaka moto, kisha yanatoa joto mchana kutwa polepole, kama mafiga yanavyobaki na moto baada ya chungu kuteremshwa. Na tangi la maji nalo likapashwa usiku kwa matumizi ya asubuhi.

Kwa hiyo mpango huu ulishonwa kwa ajili ya nyumba inayopashwa joto na umeme. Ya kwenu si nyumba hiyo tena. Boila ya gesi ilipoingia, kazi iliyokuwa ikifanyika usiku iliondoka, mita ikabaki ilivyokuwa. Hili naliona mara nyingi kwenye nyumba za kupanga: mwenye nyumba anabadilisha mfumo wa joto, hakuna anayekumbuka mita, na mpangaji anarithi bei isiyomhusu.

Sasa jirani yako. Amesema kweli nusu. Bei ya usiku ni takriban nusu ya bei ya mchana, sawa. Asichokisema ni kwamba punguzo hilo unalilipia mwenyewe: bei ya mchana kwenye mpango wa bei mbili hupandishwa juu ya bei moja ya kawaida. Kwako ni peni 31 badala ya 26. Kila uniti ya mchana unapoteza peni 5, kila uniti ya usiku unapata peni 10. Swali linabaki moja: uniti zako ngapi zinaangukia usiku?

Kujua mpaka wa faida na hasara ni hesabu ya darasa la saba. Chukua bei ya mchana toa bei moja: 31 toa 26 ni 5. Chukua bei ya mchana toa bei ya usiku: 31 toa 16 ni 15. Gawanya 5 kwa 15, unapata theluthi, yaani asilimia 33. Anayetumia zaidi ya theluthi ya umeme wake ndani ya zile saa saba abaki na bei mbili. Aliye chini ya hapo ahame. Bei zikibadilika mpaka nao unasogea, kwa hiyo usiikariri 33, kariri njia.

Wewe umetumia jumla ya uniti 2,630 na usiku ni 480, yaani asilimia 18. Uko mbali na mpaka. Ukipiga kwa pauni: mchana pauni 666.50, usiku pauni 76.80, jumla pauni 743.30. Kwa bei moja uniti zilezile zingekuwa pauni 683.80. Tofauti ni kama pauni 60 kwa mwaka. Si utajiri, na yeyote atakayekuahidi mamia kwa matumizi haya anakuuzia maneno. Linganisha pia ada ya kila siku, ile inayolipwa hata usipowasha taa. Tofauti ya peni 5 kwa siku ni zaidi ya pauni 18 kwa mwaka, na inaweza kula karibu theluthi ya faida yako kimyakimya. Waulize bei zote mbili kwa maandishi, uniti na ada, na uhakikishe zote zimehesabiwa pamoja na kodi.

Utaniuliza: je, nikibaki na bei mbili lakini nikahamishia kazi kwenye saa zenyewe? Inawezekana, lakini tazama kinachohitajika. Theluthi ya 2,630 ni karibu uniti 877. Ungepaswa kusogeza karibu uniti 397 zaidi kwa mwaka, zaidi kidogo ya uniti moja kila siku ya Mungu, ili tu kulingana na bei moja. Kulingana, si kupata faida. Hiyo ni mashine ya kufulia au ya kuoshea vyombo ikiunguruma saa nane usiku mwaka mzima, na wa ghorofa ya chini ananung'unika. Zaidi ya hapo, zimamoto wa Uingereza wanashauri mashine za kufulia na kukaushia nguo zisiachwe zikifanya kazi watu wakiwa wamelala, kwa sababu zikishika moto hakuna wa kuliona mapema. Mimi nisingefanya biashara hiyo.

Ningekujibu tofauti kama mngekuwa na gari la umeme la kuchajiwa usiku, au kama hita za matofali zingekuwa bado zinafanya kazi vyumbani. Aliye na hita hizo akihamia bei moja bila hesabu huumia vibaya. Hita moja ya kilowati 1.7 ikichaji saa zote saba inameza karibu uniti 12, na kubwa ya kilowati 3.4 inameza karibu 24. Zidisha kwa hita tatu nne na miezi ya baridi, utaelewa kwa nini bei ya usiku kwao ni uhai.

Na hapo tunarudi koridoni kwako. Uniti 480 za usiku zimenishangaza kidogo. Nyumba ikiwa imelala, kinachofanya kazi ni friji, ruta ya intaneti na vitu vinavyosinzia kwenye plagi. Kwa familia kama yako hivyo vingekula, tuseme, nusu uniti katika saa saba, au kama uniti 180 kwa mwaka. Zilizobaki 300 zimeliwa na nani? Wewe mwenyewe umenijibu bila kujua: hita inayokuwa vuguvugu asubuhi na hakuna aliyeigusa. Kuna uwezekano mkubwa imeachwa imewashwa, kitasa cha kuchaji kikiwa chini, na kila usiku wa baridi inachota kidogo ili kupasha koridoni lisilokaliwa na mtu.

Hilo si gumu kuhakikisha. Tafuta swichi yake ukutani, kwa kawaida iko karibu na hita na mara nyingi ina nafasi ya fyuzi; wakati mwingine ziko mbili. Kabla ya kuzima, piga picha ya namba zote mbili za mita saa tano usiku na tena utakapoamka, usiku mbili mfululizo. Kisha zima, rudia usiku mbili nyingine. Ongezeko la namba ya usiku likipungua sana, mwizi umemkamata. Kwa makadirio yangu ya uniti 300, kuizima peke yake ni pauni 48 kwa mwaka kwa bei ya usiku, karibu sawa na faida ya kuhama. Na ukiizima ndiyo hoja ya kuhama inazidi nguvu: mtabaki na uniti 2,330, ambazo kwa bei mbili ni karibu pauni 695 na kwa bei moja karibu pauni 606.

Picha hizo zina kazi ya pili. Saa za mita za zamani huchelewa au kuwahi, wakati mwingine kwa saa kadhaa, na zipo nyumba ambazo namba ya mchana na ya usiku zimeandikishwa kinyume kwenye vitabu vya kampuni. Washa jagi la umeme saa nane mchana kisha utazame ni namba ipi inasogea. Ikisogea ile wanayoiita ya usiku, usihame kwanza. Peleka picha kwao wakusahihishie bili za nyuma, halafu ndipo mzungumze habari ya kuhama.

Kuhusu kisanduku cheusi: ama ni saa ya kubadilisha bei, ama ni kipokezi cha redio. Nyumba nyingi za Uingereza zilikuwa zikiamriwa kwa mawimbi, ishara ikisafiri ndani ya matangazo ya BBC Radio 4 kwenye masafa marefu, kilohezi 198. Msikilizaji hakuisikia, lakini kisanduku kiliisikia na kubadilisha bei. Mitambo ya huduma hiyo imezeeka, na kuanzia 30 Juni 2025 ilianza kuzimwa eneo baada ya eneo. Kisanduku chako kikiwa na maandishi ya "Radio Teleswitch", kampuni inapaswa kuja kukibadilisha hata kama wewe usingeomba lolote. Hapo umepata mlango: safari hiyohiyo ya fundi waweke mita janja (smart meter, inayowasiliana na kampuni yenyewe) iliyopangwa kwa bei moja, na kwa kawaida hutatozwa kitu.

Kama kisanduku ni saa ya kawaida, zipo njia mbili. Baadhi ya kampuni hukubali kuiacha mita ilivyo, wakajumlisha namba mbili na kukutoza bei moja. Hakuna fundi, hakuna kutoboa ukuta. Nyingine hukataa na kutaka mita mpya. Ikiwa yenu inakataa, una haki ya kuuliza kampuni nyingine, na mpangaji anayelipa bili mwenyewe ana haki ya kuchagua anayemuuzia umeme. Kuhama kampuni huchukua kama siku tano za kazi, na una siku 14 za kubadili mawazo. Tazama tu kama uko ndani ya mkataba wa bei isiyobadilika wenye faini ya kutoka mapema. Zikibaki siku 49 au pungufu mkataba uishe, faini hiyo haitozwi. Na ukiwa tayari na mita janja, kugeuza bei mbili kuwa moja hufanyika wakiwa ofisini kwao. Ukuta hauguswi.

Mwenye nyumba usimkwepe, ila usimwogope. Kubadilisha bei tu hakuhitaji idhini yake. Kubadilisha mita yenyewe ni vizuri umwandikie kwanza, kwa sababu mkataba wa kupanga unaweza kutaka hivyo, na pia kwa sababu ya nyaya ambazo sasa nazieleza.

Kwenye nyumba nyingi za Economy 7 mita haitoi laini moja. Inatoa ya kawaida, yenye umeme saa zote, inayolisha plagi na taa. Na nyingine inayopata umeme zile saa saba pekee, inayokwenda kwenye kisanduku chake cha fyuzi na kulisha hita na tangi la maji. Fundi akija kuweka mita ya bei moja yenye njia moja ya kutokea, ile laini ya pili ataifanyaje? Akiiacha bila umeme, hita ya koridoni inakufa, na kama kuna kitu kingine kimeunganishwa huko kimya kimya nacho kinakufa. Akiiunganisha na laini ya kawaida, kila kilichoko huko kinapata umeme saa ishirini na nne, na hita iliyosahaulika itachaji mchana na usiku kwa peni 26. Hii ndiyo bili ya baridi niliyokutajia mwanzoni. Kwa hiyo siku ya kupanga miadi mwambie anayekupokea simu kwamba nyumba ilikuwa na hita za usiku na kwamba unaona visanduku viwili vya fyuzi, kama ndivyo. Fundi wa mita anaishia kwenye mita. Kazi ya upande wa ndani mara nyingi huhitaji fundi umeme wa kawaida, na huyo ni jukumu la mwenye nyumba.

Wala huhitaji kubahatisha kilichoko kwenye laini hiyo. Kwa sheria ya mwaka 2020, mwenye nyumba wa kupangisha England lazima mfumo wa umeme ukaguliwe angalau kila miaka mitano na mpangaji apewe nakala ya ripoti. Iombe. Ndani yake kuna orodha ya saketi, na utaona kama ile ya hita bado ipo hai au ilikatwa hita zilipoondolewa.

Kuna mambo ambayo hayasubiri barua. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua karibu na mita, mlio wa nyuki, au ukuta kuwa wa moto, usiguse kitu. Piga 105, namba ya bure ya wanaosimamia nyaya za umeme eneo lako. Mihuri ya mita usiikate wewe wala shemeji anayejua umeme. Ni hatari ya kifo, na kisheria ni kosa hata kama hukuiba uniti hata moja.

Baada ya kuhama, bili ya kwanza isome kwa jicho la karani. Namba zote mbili za kufungia za mita ya zamani zilingane na picha ulizopiga siku hiyo, na kusiwe na mstari wa bei ya mchana uliobaki. Wakiendelea kukutoza bei mbili, lalamika kwa maandishi. Zikipita wiki nane bila suluhisho unaweza kwenda kwa Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya umeme na gesi, bila malipo, na Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, watakusaidia kuandika. Na kampuni ikizinduka baadaye kwamba ilikutoza pungufu kwa kosa lake, haiwezi kukudai umeme wa zaidi ya miezi 12 nyuma.

Hita ya koridoni ukishaizima, iache ukutani. Usiifungue kuangalia ndani: matofali ni mazito, na baadhi ya hita za zamani sana zina asbesto, vumbi lake halifai kuvutwa na mtu yeyote, sembuse watoto. Kuiondoa ni kazi ya mwenye nyumba, na unaweza kumwandikia kwenye barua ileile ya mita.